Opel ya Kijani Kwenye Mstari Mweupe

Nilimwambia mama asije. Nilimwambia Jumapili tukiwa mezani, nikamwambia tena kwa simu, na asubuhi ile nilipomkabidhi Jette mlangoni pake, pamoja na begi la nguo na yule bata wake wa kitambaa, nikamwambia kwa mara ya mwisho.

"Mama, leo nakuomba. Mkae ndani. Mchore picha, mkaange chapati za maji, fanyeni mtakalo, ila msije kunitazama."

"Nani kasema tunakuja?"

"Uso wako."

"Uso wangu umezeeka, Rike, hausemi kitu siku hizi." Akambeba mjukuu wake begani kama gunia, Jette akacheka hadi akapaliwa. "Haya, nenda kaendeshe tramu yako. Na usiogope-ogope kama siku ile."

Siku ile! Hata kizingiti hakuniacha nivuke.

Siku ile ilikuwa mtihani wangu wa kwanza. Gari la kupeleka mikate lilikuwa limesimama kando ya reli, nikaona halipitiki, nikasimamisha tramu. Kumbe lilikuwa mbali, mtu angepita katikati na mwavuli wazi. Na Bwana Noack, mtahini, alipita kweli. Alishuka, akatembea kati ya tramu na lile gari, mikono kiunoni, viwiko vimetanuka, akarudi bila kugusa kitu. "Dereva anayesimama pasipo sababu, Bi Thiele," aliniambia, "anausimamisha mji mzima." Nikaanguka. Na huku kwetu Leipzig, ukianguka mara ya pili hakuna ya tatu. Unarudisha koti la kazi, unaaga, unaenda kutafuta maisha kwingine.

Mimi sikutaka kwingine. Cheti cha shule nilikipata jioni, darasa la watu wazima, Jette kwanza tumboni halafu mapajani, na tramu ndiyo iliyotupeleka na kuturudisha. Enzi hizo mstari wetu ulikuwa bado na zile tramu za Tatra za zamani, zenye ngazi tatu za chuma ambazo kigari cha mtoto hakizipandi hata ukikibembeleza. Unasimama mlangoni unamwambia mtu usiyemjua, "Samahani, unaweza kushika huku mbele?" Naye anashika. Hakuna aliyewahi kukataa, hata wale wenye sura za kukataa. Dereva anakusubiri kwenye kioo chake hadi umekaa, ndipo anaondoa. Nilikuwa navitazama vile vioo. Nilikuwa najiambia, na mimi siku moja nitamsubiri mtu.

Basi siku ya mtihani wa pili nikakaa kwenye kiti cha dereva. Gari la mtihani lenyewe lilikuwa Tatra mbili zilizounganishwa, zimestaafu kubeba abiria, sasa zinabeba wanafunzi, na maandishi ya mafunzo mbele ili kila mtu ajue. Nyuma yangu alikaa Bwana Noack na kalamu yake. Pembeni yake Bi Uhlig, mwalimu wangu, ambaye siku ya mtihani haruhusiwi kufungua mdomo, kwa hiyo aliujaza peremende. Simu yangu ilikuwa imezimwa mkobani. Kuiwasha kwenye kiti cha dereva siku kama ile ni kuaga kazi kwa hiari.

Mambo yalienda vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilipita njia panda kubwa, nikawasubiri wenye baiskeli, ambao hawamsubiri mtu, nikasimama vituoni mlango ukiwa sawasawa na alama. Mvua ilikuwa imenyesha, reli zikateleza kidogo, nikamwaga mchanga relini kwa wakati ili magurudumu yashike. Nikasikia peremende ya Bi Uhlig inazunguka taratibu mdomoni. Hiyo ndiyo dalili yake ya amani.

Kisha tukaingia mtaa wa Lindenau ule mwembamba, wenye kona ya kushoto mwishoni. Pale upande wa kulia kuna mstari mweupe uliochorwa barabarani. Ndani ya mstari ni pa tramu, nje ya mstari ni pa magari. Mtoto mdogo anaelewa.

Mwanzoni mwa kona, Opel ndogo ya kijani, kama zilivyo nyingi mjini, ilikuwa imeegeshwa, makalio yake yamevuka mstari kwa upana wa kiganja.

Nikapunguza mwendo. Nikatazama. Nikapunguza tena. Moyo ukaanza kunisemesha kwa sauti ya mama: usiogope-ogope. Mbele ingepita, hilo nililiona wazi. Lakini Bi Uhlig alikuwa ametufundisha kwamba tramu ndefu kwenye kona ni kama sofa mlangoni: mbele imeshaingia, wewe unashangilia, kumbe mguu wa nyuma unabomoa fremu. Mkia wa Tatra unapoanza kona ya kushoto hutoka nje upande wa kulia. Na mkia ule ungetoka hapohapo kwenye makalio ya Opel.

Au usingetoka kiasi hicho. Nikikosea kwa kusimama, nimeanguka kwa kosa lilelile. Nikikosea kwa kupita, nimeanguka na gari la mtu limekunjika.

Nikasimama.

"Kwa nini tumesimama?" aliuliza Bwana Noack. Sauti haina rangi.

"Mkia hautapita."

"Una hakika?"

"Naomba kushuka nipime."

"Wewe ndiye dereva."

Nikafunga breki, nikatoa ufunguo, nikawasha taa za tahadhari, nikashuka. Nikachuchumaa mbele ya tramu, jicho moja nimefumba, nikaufuata mstari mweupe hadi kwenye gurudumu la nyuma la lile gari. Kiganja kizima na vidole juu yake. Nikashusha pumzi, nimepata haki yangu, sikuogopa bure. Ndipo nikainua macho kusoma namba ya gari.

Huku kwetu mtu huchagua namba yake akitaka. Wengi huweka herufi za jina la mpenzi, au tarehe ya harusi, halafu wanaachana na namba inabaki. Herufi zile zilikuwa za Jette. Tarakimu zilikuwa siku aliyozaliwa. Na kwenye kioo cha nyuma, ameegemea kwa starehe, alikuwa yule bata wa kitambaa, ananitazama.

Nilimwambia asije. Jamani, si nilimwambia?

Nikarudi ndani.

"Bwana Noack," nikasema, "hautapita. Halafu... hili gari ni la mama yangu."

Peremende ya Bi Uhlig ikavunjika, kraa.

"Sikukuuliza ni la nani," alisema Bwana Noack. "Utafanya nini?"

Ningefanya nini? Nikashika redio, nikawaita wale wa chumba cha mawasiliano, nikawatajia mtaa, nikawatajia kizuizi.

"Namba ya gari?"

Nikaisoma siku ya kuzaliwa ya mwanangu kwa sauti ya kazi.

"Polisi na gari la kukokota tunawatuma. Mwenyewe hayupo hapo?"

"Ndani ya gari hayupo," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

"Piga kengele kwanza. Mara nyingine wanajitokeza."

Nikapiga kengele. Kengele ya Tatra si ya mchezo, inaamsha hadi walio ghorofani. Madirisha mawili yakafunguka. Na ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, mlango wa duka la mikate ukafunguka pia, akatoka mama yangu. Mkono mmoja kambeba Jette, mkono mwingine sahani ya karatasi yenye kipande cha keki. Aliangaza huku na huku, akaiona tramu, akaniona mimi.

Akapunga mkono.

Nikapiga kengele tena. Akapunga kwa nguvu zaidi. Akamnong'oneza Jette kitu sikioni, Jette naye akaanza kupunga, mikono yote miwili, kama anayefukuza nyuki. Nikapiga mara tatu mfululizo. Mama akaweka keki juu ya kizingiti cha dirisha ili apate mkono wa pili wa kunitumia busu.

"Mungu wangu," nikasema.

Nikafungua kidirisha cha pembeni nikapiga kelele, "Mama! Gari!" Lakini nyuma yangu tramu namba saba ilikuwa imefika, dereva wake naye anapiga kengele, na lori la taka likawa linapita katikati yetu. Mama akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa, akacheka. Nikazungusha mikono kama mtu aliyeshika usukani, kumwonyesha gari, gari! Tramu haina usukani, mama analijua hilo tangu azaliwe. Akamwonyesha Jette: tazama, mama yako anaendesha! Na Jette akazungusha mikono yake midogo, vrrrum.

"Bi Thiele," alisema Bwana Noack nyuma yangu. "Unafanya nini?"

"Namwita mwenye gari."

Akanyoosha shingo akatazama ng'ambo kwa muda.

"Anaonekana amefurahi," akasema.

Ningeweza kushuka nikakimbia kuvuka barabara. Lakini dereva haiachi tramu barabarani akaenda zake dukani, mtihani au si mtihani. Bi Uhlig angeweza kushuka, lakini siku ya mtihani alikuwa kama abiria aliyelala. Nikakaa na kengele yangu, na kila nikiigusa, familia yangu inashangilia.

Sasa abiria wa namba saba wakaanza kushuka. Niliwaona kwenye kioo, wanakuja kwa vishindo, kola zimeinuliwa, nyuso za watu wanaochelewa. Akatangulia fundi rangi, mwanamume mpana mwenye suruali nyeupe yenye madoa, na nyuma yake mwanafunzi wa chuo mwenye begi la bluu, na bibi mmoja mwenye mkoba wa magurudumu.

"Mpumbavu gani huyu?" aliuliza fundi rangi, akalizunguka gari. "Haya, wanne wanatosha! Wewe kaka, shika huku."

Hiyo ni desturi ya kwetu. Gari likiziba reli, watu wanashuka, wanalishika chini, wanalirusharusha hadi linasogea pembeni, kisha wanapanda tramu wameridhika na nafsi zao. Mama mwenyewe ameshafanya hivyo mara nyingi na husimulia mezani kama vita alivyoshinda.

"Inapita hiyo!" alisema bibi wa mkoba. "Kwa nini haiendi? Hata mimi napita hapo."

"Wewe unapita, bibi, huna mkia," alimjibu mwanafunzi.

"Adabu yako iko wapi?"

Wakainama. Gari likaanza kuyumba. Bata kwenye kioo cha nyuma akaanguka kifudifudi.

Nawaambia ukweli, nilitaka waendelee. Misukumo miwili mitatu, Opel nje ya mstari, gari la kukokota linarudi lilikotoka, mama haulizwi na polisi, mimi nakata kona, yamekwisha. Nilikuwa nimeshashika mkono wa kuendeshea. Lakini mwanafunzi alikuwa amesimama kati ya bampa na tramu yangu, mguu mmoja umekanyaga reli, na reli ilikuwa imelowa. Gari likirudi kwa kishindo, mguu ule unabaki wapi?

Nikachukua kipaza sauti cha nje.

"Tafadhali acheni gari. Tokeni kati ya gari na tramu. Msaada umeshaitwa."

Likazuka balaa.

"Sikieni huyo! Tunamsaidia, anatufukuza!"

"We dereva mwanafunzi, sisi tuna kazi!"

"Kama hujui kupita, shuka mimi nipite!"

"Nimesema tokeni kati," nikarudia, na sauti yangu kwenye kile kipaza ilitetemeka kidogo, nikaichukia. "Gari haliguswi hadi kila mtu awe kando ya njia. Kaka mwenye begi la bluu, nakuona. Mguu wako. Toa."

Akautoa. Fundi rangi akanyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye suruali, akaniangalia kama mtu aliyenyimwa chakula. Lakini akakaa kando. Wote wakakaa kando, wananung'unika. Nyuma yangu nilisikia kalamu ya Bwana Noack.

Ng'ambo, mama sasa alikuwa ameliona kundi. Kutoka alipokuwa hakuona gari, maana watu walikuwa wamelizunguka. Aliona tu tramu ya mwanawe imesimama na watu wanaitupia maneno. Uso ukabadilika. Akanyakua keki, akamweka Jette vizuri kiunoni, akavuka barabara kama jeshi la mtu mmoja.

"Nani huyo?" nilimsikia kabla hajafika. "Nani kapaki hapa? Leo? Siku ya mtihani wa mwanangu?"

"Hatumjui, mama," alisema fundi rangi. "Na dereva hataki tuliguse."

"Dereva ni binti yangu, ana huruma mno. Shika keki hii." Akamtwisha sahani. "Nipisheni! Hizi gari ndogo mimi nazijua, hazishikwi hapo, zinashikwa chini huku. Watu hawana haya! Mtu anaona reli kabisa, anaona mstari, macho anayo..."

Akamshusha Jette, akainama, akaingiza vidole chini ya bampa.

"Bibi," alisema Jette.

"Ngoja, mjukuu wangu."

"Bibi. Bata wangu ameanguka."

Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kioo cha nyuma. Mama alitazama kidole. Akatazama bata. Akatazama namba ya gari. Akasimama wima polepole, kama mtu anayeinuka kwenye maji ya baridi.

Halafu bibi wa mkoba akasema, "Ahaa!" na mtaa mzima ukalipuka.

"Lilikuwa sawa nilipoliacha!" alipaaza sauti mama. "Ni hawa! Hawa ndio wamelisogeza!"

"Sisi?"

"Si mlikuwa mnalirusharusha?"

"Mama," alisema fundi rangi kwa upole mkubwa, "chukua keki yako."

Ndipo akaniangalia. Kioo cha mbele kilikuwa kati yetu, na sikujua niweke uso gani, kwa hiyo nikauacha ulivyo. Akaweka mkono mdomoni. Alielewa kengele zote kwa pamoja.

Alimfunga Jette kwenye kiti chake, akawasha gari, likazimika, akawasha tena, akaondoka kwa miruko miwili hadi mbele ya duka la mikate. Polisi mwenye baiskeli alifika wakati huohuo, akamfuata. Nikawaambia wa redioni wasimamishe gari la kukokota. Abiria wakarudi kwenye namba saba. Nikaweka ufunguo, nikatazama mbele, nikatazama vioo, nikapiga kengele mara moja. Tukaondoka.

Kwenye kona nikatazama kioo cha kulia. Mkia wa Tatra ulitoka nje taratibu, ukafagia juu ya mstari mweupe, pale pale makalio ya Opel yalipokuwa, ukarudi ndani. Bi Uhlig akafungua peremende nyingine.

Tulipofika mwisho wa mstari, kwenye kitanzi cha kugeuzia, Bwana Noack aliniambia nizime. Alikaa anasoma alichoandika, muda mrefu kuliko aliotumia kuandika.

"Mara ya kwanza ulisimama kwa woga," alisema. "Leo?"

"Leo pia niliogopa," nikasema. Sikuwa na nguvu za kutafuta jibu zuri.

"Ulitaka walisukume lile gari."

"Nilitaka sana."

"Nilikuona. Shingo yako inasema kila kitu." Akafunga kalamu. "Hukuwaacha. Umefaulu, Bi Thiele. Ila kengele umeipiga mno. Si chombo cha kusalimiana."

"Sikuwa nasalimia!"

"Kamwambie mama yako," alisema, akashuka kutafuta kahawa.

Bi Uhlig, mdomo umefunguliwa sasa, alinikumbatia akanuka mnanaa kote. Nilikuwa nalia na kucheka na bado nimekasirika, vyote kwa mpigo, nilipoona namba saba nyingine inaingia kwenye kitanzi. Mlango ukafunguka, Jette akashuka kwanza, bata mkononi, kisha mama, ameinama kidogo, na ile sahani ya karatasi. Keki ilikuwa imekaliwa na kitu.

"Yako hii," alisema. "Nilikuja kukununulia hii tu. Dakika moja."

"Mama, nilikwambia usije."

"Ulisema tusije kukutazama. Hatukukutazama. Tulikuwa dukani." Kisha, kwa sauti ndogo: "Rike. Nimekuharibia?"

Nilimwacha ateseke kwa muda wa kutosha. Nikamnyanyua Jette, nikamnusa shingoni, akanuka sukari na mvua.

"Nimefaulu," nikasema.

Mama alipiga ukelele ambao dereva wa namba saba alidhani ni ajali. Alinishika mashavu, akamshika Bi Uhlig mashavu, angemshika Bwana Noack pia kama asingekuwa mbali. Mimi nikakata kipande cha ile keki iliyobanwa nikala nimesimama, kilikuwa kitamu kupita kiasi, na kilipofika tumboni ndipo nikakumbuka.

"Mama. Mmekuja na tramu."

"Ndiyo. Nimeona ni busara."

"Gari liko wapi?"

"Limepaki vizuri."

"Vizuri kwa nani?"

"Rike, usinianze. Yule polisi mwenyewe kanionyesha mahali. Karibu mahali."

"Karibu?"

Mama alikuwa anamfuta Jette mdomo, kwa bidii kuliko mdomo ulivyohitaji. Mimi, Bi Uhlig, na yule dereva wa namba saba tukageuka sote watatu kutazama kule reli zinakotokea, kama tramu inayofuata itapita. Reli zilikuwa tupu, zinang'aa kwa mvua. Tukasubiri. Bi Uhlig akaacha kutafuna.

Kisha kengele ikasikika kutoka kwenye kona, fupi, mara moja, kama inavyotakiwa, na tramu nyingine ikajitokeza, ya zile mpya, sakafu chini, mlango mpana ambao kigari cha mtoto kinaingia chenyewe.

Jette akapunga mikono yote miwili.